Vikapu: Namna ya kumwandalia mpinzani mazoezi msimu ukiwa katikati

TIMU ya mpira wa vikapu ya shule inayotwaa ubingwa wa Kaunti ya Tana River haipati nafasi ndefu ya kushangilia. Muhula ungali unaendelea, masomo yanadai saa zake, na mbele kuna mashindano ya kanda ya Pwani ambako wawakilishi wa kaunti sita, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu, Taita Taveta na Tana River yenyewe, hukutana kuwania nafasi ya kwenda fainali za kitaifa. Kwale ndiko iliko Shule ya Upili ya Kaya Tiwi, ambayo wasichana wake wamekuwa mabingwa wa kitaifa zaidi ya mara moja.

Kwa mwalimu wa michezo aliyeko Garsen, swali basi si kama wachezaji wake wanajua kucheza. Hilo wamekwisha kulithibitisha katika kaunti. Swali ni nini kifanywe katika siku chache zilizosalia kabla ya kukutana na timu ambayo huenda hajaiona hata mara moja, na ambayo yamkini imezoea mechi nyingi zaidi na viwanja bora kuliko vyake. Siku hizo zikitumiwa vibaya, kazi ya mwaka mzima huweza kuzikwa katika robo ya kwanza ya mechi moja.

Msimu na vipindi vyake

Mazoezi ya mchezo huu hugawika katika vipindi vitatu. Kabla ya msimu, wachezaji hujengwa pumzi na misuli, hufunzwa ufundi wa mikono na miguu, na kuzoeshwa mifumo ya kushambulia na kulinda. Msimu ukishaanza, mechi ndizo hutawala ratiba, na mazoezi hugeuka kuwa ya kurekebisha palipoharibika na kumwandalia anayefuata. Mwishoni, mashindano yanapofikia hatua ya mtoano, mazoezi yenyewe hukaribia kutoweka.

Katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako utaratibu huu umeandikwa na kuchunguzwa sana, msimu huanza Novemba na kufikia kilele mwanzoni mwa Aprili. Januari na Februari ndiyo miezi ya katikati, na timu hukabiliana na mechi mbili hivi kila wiki. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, huruhusu saa zisizozidi 20 za shughuli za timu kwa wiki, zisizozidi nne kwa siku, na hulazimisha siku moja ya mapumziko. Kocha anayelipwa fedha nyingi na mwenye wasaidizi kadhaa hana ruhusa ya kuwaweka vijana uwanjani atakavyo. Ni vyema mwalimu wa Tana River akumbuke hilo anaposhikwa na hamu ya kufanyisha mazoezi asubuhi, adhuhuri na jioni kwa kuwa mechi kubwa inakaribia.

Humu nchini, timu za vyuo kama Strathmore na USIU zimekuwa zikicheza katika ligi ya Shirikisho la Mpira wa Vikapu Kenya dhidi ya timu za mashirika na majeshi, zikiwemo KPA ya Mombasa na Ulinzi. Mechi huchezwa mwishoni mwa wiki, wakati mwingine Jumamosi na Jumapili mfululizo, kwa hivyo mazoezi yenye uzito hubaki kuwa ya Jumanne hadi Alhamisi. Kijana wa Garsen anayejiunga na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, au kile cha Garissa, atakutana na mpangilio wa namna hii iwapo ataendelea na mchezo.

Shuleni mambo ni mafupi zaidi. Kwa miaka mingi vikapu vimechezwa muhula wa kwanza, na ngazi zote, kuanzia mitaani hadi taifa, zimebanwa katika majuma machache. Katikati ya msimu, kwa shule ya Garsen, ni siku zile kati ya kombe moja na jingine.

Kupunguza, si kuongeza

Kosa linaloonekana mara nyingi ni la kocha kufunza mambo mapya. Anasikia kwamba mpinzani ni hatari, anabuni mfumo mpya wa kushambulia, anawaeleza wachezaji mbinu tatu za ulinzi ambazo hawajawahi kuzijaribu, na siku ya mechi kila mmoja anasimama mahali pake akijiuliza zamu ni ya nani. Mchezaji anayefikiri huwa amechelewa. Mchezo huu humpa mshambulizi sekunde 24 tu kutupa mpira, na sekunde nane kuvuka mstari wa katikati.

Mfano unaotajwa sana duniani ni wa marehemu John Wooden, kocha wa chuo kikuu cha UCLA huko California, aliyeshinda mataji 10 ya vyuo vya Marekani kati ya 1964 na 1975. Wooden aliandika ratiba ya kila zoezi kwenye vikadi vidogo, dakika kwa dakika, na akaipa timu yake mwenyewe muda mwingi kuliko alioutumia kumchungulia mpinzani. Aliamini kwamba timu inayofanya mambo machache kwa usahihi na kwa kasi itamlazimisha mwenzake ndiye abadilike.

Wapo makocha wenye mawazo tofauti, wanaokesha wakitazama kanda za video za wapinzani na kupanga kila hatua kwa mujibu wake. Wana hoja, na wana wachezaji wa kuitekeleza. Lakini kwa shule yenye saa moja na nusu ya mazoezi jioni, theluthi moja ya muda huo kwa ajili ya mpinzani inatosha kabisa. Theluthi mbili zilizobaki ni za pasi, kudunda mpira, kupigania ribaundi, kurudi nyuma haraka kulinda, na kutupa.

Katika kutupa, kuna jambo ambalo hupuuzwa kwa sababu halipendezi macho: mitupo huru. Mstari wake uko mita 4.6 kutoka ubaoni, hakuna mlinzi, hakuna haraka. Timu iliyopata mitupo 20 ikifunga 10, na mwenzake akafunga 14 kati ya 20, tofauti ya alama nne tayari ipo kabla ya kuzungumzia ufundi wowote. Mazoezi yake huharibika pale wachezaji wanapojipanga foleni na kutupa mara kumi kumi wakiwa wamepumzika. Katika mechi mtu hutupa mara mbili, akihema, miguu ikitetemeka. Na afanyishwe hivyo: mbio za kwenda na kurudi uwanja mzima, mitupo miwili, kisha mbio tena.

Wakenya wana sababu ya kuheshimu alama moja. Tarehe 20 Februari 2021 mjini Yaoundé, Cameroon, timu ya taifa ya wanaume iliishinda Angola 74-73 kwa mtupo wa mwisho wa Tylor Ongwae, mchezaji aliyepitia vyuo vya Marekani. Angola wakati huo ilikuwa na mataji 11 ya bara. Kocha Liz Mills kutoka Australia alikuwa amekabidhiwa timu muda mfupi tu kabla ya mechi hizo. Baadaye mwaka huo Kenya ilicheza fainali za Afrika jijini Kigali, mara yake ya kwanza tangu ilipokuwa mwenyeji mwaka 1993.

Kumjua mpinzani kwa daftari

Shule nyingi hazina video ya mpinzani, na hata pale mzazi alipomrekodi mtoto wake kwa simu, picha humfuata mtoto huyo pekee. Njia iliyobaki ni ya zamani na bado inafaa. Mashindano ya shule huchezwa katika kituo kimoja, timu zikipishana uwanjani. Timu iliyomaliza mechi yake asubuhi na iwaache wawili kando ya uwanja, wachezaji au mwalimu msaidizi, wakiwa na daftari na kalamu, badala ya wote kwenda kulala.

Daftari lisijazwe kila kitu. Mambo matatu yanatosha. La kwanza, mchezeshaji wao anadunda kwa mkono gani anapobanwa, kwani wengi hukimbilia mkono mmoja na kumsukuma upande wa pili ni nusu ya ulinzi. La pili, ni nani anayefunga kutoka nje ya mstari wa alama tatu, ulioko mita 6.75 kutoka kikapuni, maana wasiofunga kutoka huko wanaweza kuachwa ili walinzi wakasaidie ndani. La tatu, wao hulinda vipi: mtu kwa mtu, kwa kugawana maeneo, au kwa kubana uwanja mzima mara tu wanapofunga.

Hili la mwisho ndilo huvunja timu za mashambani. Timu inayobana uwanja mzima haitafuti mpira tu, inatafuta hofu. Wachezaji wawili humkimbilia mwenye mpira karibu na kona, yeye hugeuka na kutupa pasi ndefu ya juu, na mpira huo huwa ni wa mpinzani. Mara tatu mfululizo, alama sita, na mechi imebadilika.

Dawa yake haifundishwi kwa maneno. Huwekwa walinzi saba dhidi ya washambulizi watano, na watano wale wanaambiwa wavuke katikati kwa pasi bila kudunda hata mara moja. Mwanzoni watashindwa, tena vibaya. Baada ya jioni mbili wataanza kuona kwamba daima yupo mtu katikati ya uwanja anayeweza kupokea pasi fupi, na kwamba kona ni mtego. Siku ya mechi, walinzi wakiwa watano tu, uwanja utaonekana mpana.

Akiba wanaovaa sura ya mpinzani

Vyuo vya Marekani huwatumia wachezaji wa akiba kuigiza timu inayokuja. Jambo hili halihitaji fedha, na linafaa Garsen kama linavyofaa California. Mmoja wa akiba hupewa jukumu la kuwa mchezeshaji wa mpinzani, adunde kwa mkono ule ule, aanzishe shambulio lile lile. Mwingine huwa mtupaji wao hodari, na hakatazwi kutupa hata akikosa. Watano wa kwanza hulinda dhidi yao kwa dakika kumi hadi kumi na tano, kwa kasi ya mechi.

Akiba hao aghalabu ni wanafunzi wa madarasa ya chini, na ndio timu ya mwakani. Wasipewe kazi hii kama adhabu. Anayeigiza vizuri apongezwe mbele ya wote, na anayemzuia nyota wa timu yake mwenyewe asionekane kuwa amekosa adabu.

Katika kugawa makundi haya pana jambo linalohitaji busara ya mwenyeji. Timu ya shule ya Tana River huwakusanya Wapokomo, Waorma, Wardei na wengineo chini ya jezi moja. Kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013 eneo la Delta lilikumbwa na mapigano yaliyoua watu zaidi ya 100, na wapo walimu na wazazi wanaokumbuka kila kijiji kilichoguswa. Mwalimu anayewaacha wachezaji wajigawe wenyewe huenda akajikuta na kundi la kijiji kimoja dhidi ya kingine, na zoezi la kuigiza likachukua maana isiyokusudiwa. Agawe mwenyewe, achanganye, na abadilishe kila siku.

Uwanja, jua na Ramadhani

Mabingwa wa KPA hufanyia mazoezi ndani ya ukumbi wa Makande, Mombasa. Ukanda wa mto Tana mazoezi huwa nje, pengine juu ya saruji iliyopasuka, pengine juu ya udongo. Udongo haurudishi mpira sawasawa, na hiyo ni sababu nyingine ya kutilia mkazo pasi kuliko kudunda. Miiba ya mathenge, mti uliotapakaa kaunti nzima, hutoboa mipira na nyayo. Dakika tano za kufagia uwanja kabla ya kuanza si muda uliopotea.

Mwalimu apime kikapu kwa futi ya fundi. Kimo halali ni mita 3.05 kutoka chini. Kikiwa kimeinama au kimepungua, mkono wa mchezaji utazoea uongo, na atajua hivyo siku ya kwanza katika uwanja wa wenyewe. Vivyo hivyo kwa mpira: wavulana hutumia namba 7 na wasichana namba 6, na shule yenye mpira wa namba 7 pekee haiwatendei haki wasichana wake.

Joto la Garsen halina mjadala. Mazoezi mazito yafanywe alfajiri kabla ya masomo au baada ya saa kumi jioni, na maji yawe kando ya uwanja kila robo saa, isiwe mpaka mtu aombe.

Ramadhani nayo hulazimisha hesabu upya. Kuanzia 2023 hadi 2026 mwezi huo uliangukia kati ya Februari na Aprili, ndani ya muhula wa kwanza, yaani katikati ya msimu wa vikapu. Ukirudi nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka, utaendelea kugusa miezi ya mwanzo wa mwaka kwa muda. Katika timu ambayo nusu ya wachezaji wamefunga, kuwa na ratiba mbili ni kuivunja timu vipande viwili. Ratiba iwe moja, inayomfaa aliyefunga. Kipindi kimoja chepesi cha dakika 45 kikimalizika karibu na magharibi, ambayo Pwani huingia mnamo saa kumi na mbili na nusu, humwezesha mchezaji kutoka uwanjani moja kwa moja na kufuturu. Humo wafanye mitupo, hatua za ulinzi kwa mwendo wa kutembea, na kupitia mpango wa mechi. Mbio za kukata pumzi zingoje usiku baada ya tarawehe, palipo na taa, au ziachwe kabisa. Mchezaji aliyejengwa vizuri kabla ya msimu hapotezi pumzi yake kwa majuma mawili ya kazi nyepesi, na kocha anayeogopa hilo huwa hakufanya kazi yake mapema.

Kisha kuna mto wenyewe. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliwahamisha watu na kukata barabara katika kaunti hii. Mwaka 2024 serikali iliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili kote nchini hadi Mei 13. Uwanja ukijaa maji, bwalo la chakula linatosha kwa mengi. Viti vitano huwa walinzi, chaki huchora eneo la kikapu sakafuni, na timu hutembea kila shambulio taratibu, kila mmoja akitaja kwa sauti anakokwenda. Pasi za kifuani na za kudundishia hazihitaji kikapu. Wengine hudharau mazoezi ya namna hii, lakini mchezaji asiyeweza kueleza nafasi yake akiwa anatembea hataipata akiwa anakimbia.

Safari na mechi za mfululizo

Kutoka Garsen hadi Mombasa, kupitia Malindi, ni zaidi ya kilomita 200. Mashindano yakiwa Kwale, kuna kuvuka kivuko cha Likoni au kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Mchezaji aliyekunja magoti ndani ya basi tangu asubuhi hafai kuingizwa uwanjani jioni hiyo kwa mazoezi makali. Atembee, ajinyooshe, ale wali na maharagwe aliyoyazoea, alale. Ikiwezekana kupewa hata nusu saa katika uwanja wa mechi kabla ya siku yenyewe, iombwe, hasa kama ni sakafu laini ambayo mpira hudunda juu na kwa kasi kuliko kwenye udongo wa nyumbani. Nusu saa hiyo itumike kutupa na kudunda tu.

Mechi za kanda hufuatana kwa siku chache. Mazoezi kati ya mechi moja na nyingine hayazidi dakika 20, tena ya kutembea: daftari linafunguliwa, mambo matatu ya mpinzani mpya yanasomwa, akiba wanaonyesha mara mbili tatu, basi. Kinachobaki ni hesabu ya makosa na miguu. Mchezaji akitimiza makosa matano hutolewa, na timu ikitimiza manne katika robo, kila kosa la ulinzi linalofuata humpa mpinzani mitupo miwili huru. Kocha aliyetumia watano tu katika mechi mbili za kwanza hana wa kumtegemea katika ya tatu.

Asubuhi ya mechi hakuna jipya linalosemwa. Wachezaji hukumbushwa nani anamlinda nani, na nani ataingia wa kwanza kutoka benchi. Kocha naye hujikumbusha kwamba sheria za FIBA humpa nafasi mbili za kusimamisha mchezo kwa mashauriano katika nusu ya kwanza na tatu katika nusu ya pili, kila moja dakika moja, na kwamba timu ikibanwa uwanja mzima na kupoteza mpira mara mbili mfululizo, moja ya nafasi hizo itumike hapo hapo kabla ya mara ya tatu.